Mandelstam: Mwanafunzi Aliyefukuzwa Chuo

Wenzangu, nawaandikia nikiwa likizo kwetu Matombo, na safari hii nimemchagua mwanafizikia Leonid Mandelstam. Alizaliwa 1879, akakulia Odessa. Mwaka 1899 alifukuzwa chuo kwa kushiriki vuguvugu la wanafunzi. Jamaa hakuacha shule. Alikwenda Strasbourg, akapata udaktari wake 1902, na mwaka 1925 akawa profesa Moscow. Huko, 1928, yeye na Landsberg waligundua kuwa mwanga ukitawanywa na fuwele hubadilika rangi kidogo. Raman aliligundua hilo India mwaka huohuo, na Nobel ya 1930 akapewa yeye peke yake.

Kazi ninayoipenda zaidi aliifanya na Igor Tamm, ikachapishwa 1945, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Walionyesha kwamba chembe haiwezi kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine tofauti kabisa upesi kuliko mtawanyiko wa nishati yake unavyoruhusu. Mwaka 2003 wengine wakaongeza: chembe 100 zenye mgao sawa, kila moja ikienda kivyake, huchelewa mara 10 kuliko mpaka huo, zikifungamana kikwanta, zinaweza kuufikia. Ni kama kuvuta gogo huku Uluguru: watu ni walewale, ila mpaka wavute kwa pamoja ndipo linasogea.

Basi ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni hili: mwenzetu akifukuzwa, tusiishie kumchangia nauli ya kurudi kwao. Tumsaidie kutafuta chuo kingine.