Pompeu Fabra na Suala la Vitenzi katika Usanifishaji wa Kikatalani

Pompeu Fabra alizaliwa tarehe 20 Februari 1868 huko Gràcia, mji ambao wakati huo ulikuwa haujaunganishwa na Barcelona. Alisomea uhandisi, na kuanzia mwaka 1902 alifundisha kemia mjini Bilbao. Hata hivyo, sarufi ndiyo iliyotawala maisha yake. Kitabu chake cha kwanza cha sarufi ya Kikatalani kilitoka mwaka 1891.

Kikatalani kilikuwa na fasihi andishi tangu Zama za Kati, lakini shule na serikali zilitumia Kihispania, na kila mwandishi aliendeleza maneno apendavyo. Fabra alijiunga na kitengo cha lugha cha Institut d'Estudis Catalans kilipoundwa mwaka 1911. Zikafuata kanuni za tahajia (1913), sarufi (1918) na kamusi (1932).

Tatizo kubwa halikuwa tahajia pekee. Kuanzia mwaka 1919 Fabra aliandika gazetini makala fupi zilizochambua athari za Kihispania, nyingi zikihusu miundo ya vitenzi. Ili kueleza wajibu, wasemaji wengi walitumia tenir que, kwa kuiga Kihispania. Yeye alisisitiza haver de, muundo wa asili. Vivyo hivyo, ser na estar zinafanana na jozi ya Kihispania, ilhali mipaka ya matumizi yake ni tofauti. Mfanano huo ndio unaopotosha.

Suala hilo humkabili pia Mkatalani ajifunzaye Kiingereza. Kitenzi kimoja, fer, hudai achague baina ya make na do. Ser na estar, kinyume chake, hukutana katika be. Aidha, vaig cantar hujengwa kwa umbo la kitenzi cha kwenda, lakini maana yake ni 'niliimba'. Akitafsiri neno kwa neno, wakati uliopita hugeuka kuwa ujao.

Mwaka 1932 Fabra alipewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Barcelona. Mwaka 1934 alifungwa kwa sababu za kisiasa, na mwaka 1939, majeshi ya Franco yalipoiteka Katalonia, alikimbilia Ufaransa. Kikatalani kiliondolewa shuleni na serikalini. Fabra aliendelea na kazi ya sarufi uhamishoni hadi alipofariki huko Prada tarehe 25 Desemba 1948. Kamusi yake ilibaki kuwa msingi wa lugha sanifu hadi mwaka 1995, Institut ilipotoa kamusi mpya.