Semei Kakungulu: Mtumishi wa Kabaka aliyeutamani ufalme

Msafiri avukaye mpaka hapo Busia au Malaba na kushika njia ya Tororo huikanyaga nchi iliyoitwa Bukedi, jina walilolipata wenyeji kwa majirani zao Waganda. Humo Semei Kakungulu hajasahauliwa: wako wamtajao kwa heshima, na wako wamtajao kwa uchungu.

Kakungulu alitoka Kooki, akaingia ujanani katika utumishi wa Kabaka Mwanga, akimwindia tembo. Alibatizwa, akapigana upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888, akapanda cheo na kuoa binti wa ukoo wa kifalme. Mwanga alipowaasi Waingereza mwaka 1897, mtumishi huyo hakumfuata bwana wake. Tarehe 9 Aprili, 1899, alikuwa miongoni mwa waliomkamata Mwanga huko Lango, pamoja na Kabalega wa Bunyoro. Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Hatudhani kwamba jambo hilo lilikuwa jepesi moyoni mwa mtu aliyekula katika sahani ya mfalme.

Basi akaelekea mashariki na askari wake, akajenga ngome Budaka, akakata barabara, akaweka mawakala wa Kiganda juu ya watu ambao hawakupata kutawaliwa na mfalme yeyote. Kodi ya nyumba ikadaiwa, mifugo ikatwaliwa. Tukumbuke kwamba wakati huo mpaka wa Busia haukuwapo: hadi tarehe 1 Aprili, 1902, pande zote mbili zilikuwa chini ya himaya ya Uganda.

Kakungulu aliamini kuwa Sir Harry Johnston alimwahidi ufalme wa Bukedi. Waingereza, walipokwisha kumtumia, walimwondoa Budaka mwaka 1902, wakampa maili 20 za mraba huko Mbale. Kisha wakampeleka Busoga tangu mwaka 1906 hadi 1913, awe mkuu wa baraza la machifu, si mfalme. Kwa maoni yetu, hapo ndipo alipofahamu kwamba alikuwa amebadili bwana tu.

Alirejea Mbale na manung'uniko yake. Akajiunga na Wamalaki waliokataa dawa za hospitali. Na mwaka 1919, baada ya kuisoma sana Torati, akatahiriwa pamoja na wanawe na kujitangaza Myahudi. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1928. Wafuasi wake, Abayudaya, wangalipo, na sinagogi lao liko katika kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale.