Charles Studd, Aliyeuacha Mchezo Angali na Nguvu

Hapa kwetu Usukumani hakuna asiyejua jinsi kijana mshindi wa ngoma za Bagika na Bagalu anavyosifiwa. Baada ya mavuno watu hutoka mbali kumtazama, na jina lake hutajwa toka Shishiyu hata Bariadi. Ni vigumu kwa kijana wa namna hiyo kuziacha sifa kabla sifa hazijamwacha. Mwezi huu twawaletea habari za mtu aliyefanya hivyo akiwa na umri wa miaka 24. Aliuacha uwanja wa michezo, akaenda kuwauguza wavuta kasumba wa Uchina, na mwisho akazikwa Kongo, kati ya watu aliowatafsiria Agano Jipya kwa Kiswahili cha kwao.

Charles Thomas Studd alizaliwa tarehe 2 Desemba 1860 huko Spratton, Uingereza. Baba yake, Bwana Edward Studd, alipata mali nyingi kwa kilimo cha nili katika Bara Hindi, na aliporudi kwao alifuga farasi wa mashindano. Lakini katika miaka ya 1870 alimsikia mhubiri Moody wa Marekani, na moyo wake ukageuka. Wanawe watatu, Kynaston, George na Charles, walikuwa wakisoma katika shule ya Eton. Mwaka 1878 wote watatu walimpokea Kristo. Hata hivyo kwa Charles mbegu hiyo ilisongwa upesi na kitu kingine alichokipenda zaidi.

Kitu hicho kilikuwa mchezo wa kriketi. Huchezwa na vikosi viwili vya watu kumi na mmoja. Mmoja hutupa mpira akitaka kuangusha vijiti vitatu vilivyosimikwa chini. Mtu wa upande wa pili huvilinda kwa gongo, naye akiupiga mpira mbali hukimbia kujipatia hesabu ya mbio. Charles aliweza yote mawili, kutupa na kupiga, na watu wa namna hiyo ni wachache. Alikuwa mkuu wa kikosi cha Eton mwaka 1879, na cha Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1883. Kikosi cha Australia kilipokuja Uingereza mwaka 1882, Cambridge walikishinda, na Charles peke yake alipata mbio 118.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo kikosi cha Uingereza kilikutana na Waaustralia mjini London. Waingereza walihitaji mbio 85 tu ili washinde, wakaishia 77. Charles alikuwa amesimama uwanjani, gongo mkononi, wala hajatupiwa hata mpira mmoja, mwenzake wa mwisho alipotolewa. Gazeti moja likafanya mzaha kwamba mchezo wa Uingereza umekufa, na majivu yake yatapelekwa Australia. Miezi michache baadaye Charles alisafiri na kikosi kilichokwenda kuyarudisha majivu hayo, nao wakashinda. Chombo kidogo kilichofanywa kuwa ishara yake kimehifadhiwa London hata leo, na jina la Studd limo katika maandishi yaliyobandikwa juu yake. Charles hakucheza kwa mshahara, maana alikuwa mtoto wa tajiri. Ujira wake ulikuwa heshima, nayo ilikuwa nyingi.

Mwisho wa mwaka 1883 ndugu yake George aliugua sana, hata ikadhaniwa kwamba atakufa. Charles alikaa kando ya kitanda chake akimwangalia. Huko uwanjani maelfu walikuwa wamewapigia makofi wote wawili. Humo chumbani makofi hayo hayakuweza kumpunguzia mgonjwa homa wala kumwondolea hofu ya mauti. Charles alijiuliza sifa zina faida gani kwa mtu aliye karibu kuiacha dunia, wala hakupata jibu la kumridhisha. George alipona. Lakini Charles hakuurudia mchezo kwa moyo ule wa kwanza. Mwaka 1884 alijitoa kwa misioni ya Hudson Taylor huko Uchina. Mama yake alilia, na Kynaston, aliyekuwa Mkristo thabiti, alimsihi sana afikiri tena. Tarehe 5 Februari 1885 aliondoka London pamoja na vijana sita wengine. Magazeti yaliwaita Saba wa Cambridge.

Huko Uchina alifikia umri wa kupokea urithi wa baba yake, yapata pauni 29,000. Tarehe 13 Januari 1887 aligawa sehemu kubwa ya fedha hizo: nyingine kwa yatima wa George Müller, nyingine kwa maskini wa London, nyingine kwa kazi ya Moody na ya Jeshi la Wokovu katika Bara Hindi. Mwaka 1888 alimwoa Bibi Priscilla Stewart, mmisionari kama yeye, akampa pauni 3,400 zilizosalia. Huyo bibi naye akazitoa zote, wakaanza maisha yao bila akiba.

Walikaa Lungang, katika jimbo la Shanxi, mahali palipoharibiwa sana na kasumba. Yafaa tueleze kidogo ubaya wake. Avutaye kasumba hufungwa nayo. Huuza shamba, huuza vyombo vya nyumba, na watoto hulala njaa. Akijaribu kuiacha, mwili humgeukia: hutetemeka, hutapika, viungo humwuma, na usingizi humkimbia usiku na mchana. Lazima awepo mtu wa kukaa naye, kumsafisha na kumtia moyo hata mwili utulie. Bwana Studd na mkewe hawakuwa madaktari, lakini walifungua nyumba ya kuwapokea watu hao. Katika muda wa miaka kama saba, watu wapatao 800, wanaume kwa wanawake, walipita humo. Kazi hiyo haikuwa na watazamaji wala makofi. Mikono iliyolishika gongo mbele ya maelfu sasa ilimwinua mtu mmoja mmoja aliyedharauliwa na majirani zake. Wengine waliopona waliupokea na wokovu.

Mwaka 1894 afya yao wote wawili ilikuwa imevunjika, wakarudi Uingereza. Baadaye, toka mwaka 1900 hata 1906, alikuwa mchungaji huko Ootacamund katika Bara Hindi. Pumu ilimsumbua sana. Kisha mwaka 1908, katika mji wa Liverpool, alisikia habari za makabila ya katikati ya Afrika yasiyofikiwa na Injili. Daktari alimkataza, na wafadhili wakajitenga naye. Alikwenda Sudan mwisho wa mwaka 1910, mwenye miaka 50. Mwaka 1913 akaja tena na kijana Alfred Buxton, aliyekuwa mchumba wa binti yake, wakapita Afrika ya Mashariki mpaka kaskazini mashariki ya Kongo. Kituo chao kikubwa baadaye kilikuwa Ibambi. Usiku, baada ya kazi za mchana, alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo, ili mwalimu wa kijijini apate kusoma mwenyewe.

Basi tusimfiche msomaji gharama ya maisha hayo, maana si yote iliyolipwa na Bwana Studd mwenyewe. Alipoondoka mwaka 1916 alimwacha mkewe nyumbani, mgonjwa wa moyo, akiiongoza kazi ya misioni huko Uingereza. Walionana mara moja tu tena, siku chache za mwaka 1928 huko Ibambi. Mwaka uliofuata bibi akafariki. Aliwadai wenzake bidii kama yake, wala si wote walioweza. Baadhi yao aliwaondoa kazini, hata Buxton, mkwe wake. Aliandika kijitabu chenye maneno makali kilichowachukiza wengi, na mwisho halmashauri ya nyumbani ikatengana naye. Tena, maumivu yalipozidi, alitumia mofini, dawa itokayo katika kasumba ileile, akawa mtu wa kuitegemea. Aliyewasaidia watu 800 kuifungua minyororo hiyo alionja uzito wake mwenyewe uzeeni. Hatusemi hayo kwa kumhukumu. Twayasema kwa sababu anayewauguza wengine naye ni mgonjwa wa Tabibu mmoja, na neema iliyowatosha wavuta kasumba wa Lungang ndiyo iliyomtosha na yeye.

Alifariki Ibambi tarehe 16 Julai 1931, na watu wengi sana walihudhuria maziko yake. Misioni yake iliendelea. Karibu na Ibambi, mahali paitwapo Nebobongo, paliinuka kazi ya kuwatunza wakoma, na mwaka 1955 akaja huko Daktari Helen Roseveare, msomi wa udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Yeye alijenga hospitali na kuwafundisha wauguzi wenyeji. Mwaka 1964 alikamatwa na waasi, akateswa. Mwaka 1966 akarudi Kongo kufundisha tena, hata 1973. Hivyo chuo kilichompa Studd sifa ya mchezo kilitoa pia daktari wa kuwatibu watu aliowaachia Injili.

Sasa, wapenzi, tujifunze nini? Si kwamba kucheza ni dhambi, wala kwamba kuacha mchezo humpa mtu haki mbele za Mungu. Haki hiyo twaipokea kwa imani tu. Kynaston, aliyebaki nyumbani, aliwatumikia vijana wa kazi mjini London, na mwaka 1928 alichaguliwa kuwa Meya Mkuu wa mji huo. Naye pia alikuwa katika wito wake. Lakini wengi wetu twamtolea Mungu kilichosalia, baada ya ulimwengu kula nyama ikabaki mifupa. Charles Studd alitoa miaka ambayo miguu yake ilikuwa myepesi na mkono wake haukutetemeka. Enyi waalimu wa dini, mtakapoona katika usharika kijana mwenye nguvu na akili afikiriaye kazi ya uuguzi au udaktari, msimwambie angoje kwanza ashibe sifa. Mpelekeni akawatazame wagonjwa, akae nao kidogo kando ya kitanda, kisha mwacheni achague mwenyewe mbele za Bwana.