Ibn al-Jazzar: Tabibu Aliyewakumbuka Mafukara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Wake Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunaeleza maisha ya Abu Jaafar Ahmad ibn Ibrahim, mashuhuri kwa jina la Ibn al-Jazzar, tabibu wa mji wa Qayrawan, katika nchi ambayo leo ni Tunisia. Aliishi katika karne ya 4 Hijria. Baba yake na ami yake walikuwa matabibu, naye akasoma pia kwa Ishaq ibn Sulayman, tabibu mkubwa wa Kiyahudi.

Ujira wa tabibu ni halali. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliumikwa, akamlipa aliyemuumika. Basi Ibn al-Jazzar hakuacha kulipwa, ila alitenga tiba na malipo. Mlangoni pake aliweka kibanda, akamkalisha humo mtumishi wake aitwaye Rashiq pamoja na dawa. Mgonjwa aliyekwisha kutazamwa alikwenda kwa Rashiq kuchukua dawa na kulipa. Tabibu hakupokea kitu kwa mkono wake, kwa kujistahi.

Yasimuliwa kuwa alimtibu kijana wa jamaa ya kadhi mkubwa wa dola, akapona. Kadhi akampelekea barua ya shukrani, nguo na mithqali 300 za dhahabu. Ibn al-Jazzar akaijibu barua kwa adabu, na zawadi hakuipokea.

Kwa wasio na uwezo aliandika kitabu cha tiba ya mafukara na masikini, chenye dawa nyepesi za bei ndogo. Wazazi nao aliwaandikia kitabu cha malezi na afya ya watoto. Wala kazi haikummeza: kila kiangazi aliifunga, akaenda Monastir, pwani, kukaa ribatini.

Alifariki karibu na mwaka 980 Miladia, akiwa amepita miaka 80, akaacha dinari 24,000. Hivyo, huruma kwa masikini haikumfukarisha.

Tunajifunza kuwa tabibu ana haki ya ujira, na watoto wake wana haki ya riziki na ya kumwona mzazi wao. Na masikini ana haki ya kutibiwa bila kudhalilishwa. Tunaolipa tusicheleweshe ujira wa watu, na tunaolipwa tusimfungie mlango asiye nacho.

Wabillahi tawfiq.