Shackleton na Mashua Yake

Wasomaji wenzangu, wakitajwa mabaharia hodari, wengi hukumbuka wale waliofika walikokusudia. Mimi napenda kuwasimulia habari za Ernest Shackleton, ambaye hakufika, lakini kwa maoni yangu anastahili sifa kuliko wengi waliofika.

Alizaliwa Ireland mwaka wa 1874, akaanza ubaharia akiwa na miaka 16. Mwaka wa 1914 alisafiri kwa meli iitwayo Endurance, akitaka kulivuka kwa miguu bara la barafu lililo kusini kabisa ya dunia. Januari 1915 barafu iliikamata meli, ikaibana hata ikavunjika, na Novemba ikazama. Watu 28 walibaki juu ya barafu na mashua tatu tu. Aprili 1916 walifika kisiwa cha Elephant, mahali pasipo watu wala njia ya meli.

Shackleton aliona kuwa wakikaa kungoja watakufa. Basi tarehe 24 Aprili aliondoka na wenzake watano katika mashua ya urefu wa mita 7 hivi, kwenda kisiwa cha South Georgia, maili 800. Seremala aliifunika mashua kwa turubai, na mawe yakatiwa ndani kuwa farumi. Maji yaliyoirukia yaliganda, wakawa hawana budi kutambaa juu na kuivunja barafu, isije ikawazamisha. Usiku na mchana walikumba maji.

Aliyeshika hesabu ya njia ni Frank Worsley. Jua alilipima mara chache tu, mashua ikirushwa na mawimbi. Kwa kuwa hakuwa na hakika, walielekea pwani ya magharibi isiyo na watu. Maana wangekikosa kisiwa, upepo ungewapeleka bahari tupu wasiweze kurudi. Nadhani hiyo ndiyo akili ya baharia: kujua kipimo cha ujuzi wake.

Tarehe 10 Mei waliingia ghubani. Kisha Shackleton na wenzake wawili walivuka milima kwa muda wa saa 36 hivi, mpaka wakafika kwa wavuvi wa nyangumi. Mara tatu alijaribu kuwarudia wale 22 aliowaacha, barafu ikamzuia. Mara ya nne, tarehe 30 Agosti, aliwafikia. Wote walikuwa hai.

Alifariki mwaka wa 1922 huko huko South Georgia, akazikwa kisiwani. Ndugu zangu, safari yake ilishindwa, lakini waliomtegemea hakuwatupa.