Frederick Jackson: Gavana aliyeacha jina lake kwa nguchiro

Nguchiro wa Jackson ni mnyama mdogo mla nyama, mwenye mkia mweupe wa manyoya mengi. Huwinda usiku misituni na huonekana kwa nadra. Vitabu humtaja kuwa mkaazi wa Kenya na kusini-mashariki mwa Uganda. Jina lake latokana na Sir Frederick John Jackson, aliyekuwa Gavana wa Uganda.

Jackson alizaliwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1860. Alifika Lamu mwaka 1884 kuwinda, kisha akaajiriwa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mnamo Februari 1890, kabla mji wa Mbale haujaanzishwa, yeye na Ernest Gedge waliuvuka Mlima Elgon pamoja na wapagazi wao. Safari hiyo ilimgharimu: huku nyuma, Mjerumani Carl Peters alifika kambini kwake Mumias, akazisoma barua zake, akamtangulia Buganda na kutiliana mkataba na Kabaka Mwanga.

Mwaka 1897, askari wa Kisudani walipoasi na kuishika ngome ya Luba huko Busoga, Jackson alijeruhiwa vibaya. Alipona, na mwaka 1911 akawa Gavana. Mwaka uliofuata reli ya Busoga ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali.

Kazi ya serikali haikumwachisha kukusanya ndege na wanyama. Mwaka 1894 Oldfield Thomas, mtaalamu wa makumbusho ya London, alimweleza kitaalamu nguchiro huyo kutokana na kielelezo cha Kenya, akampa jina la Jackson.

Tangu hapo wataalamu hawajaafikiana. Wapo wasemao ni spishi kamili. Wengine humhesabu kuwa namna tu ya nguchiro wa miguu myeusi, apatikanaye kutoka Nigeria hadi Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kamera zilizotegwa porini zilimnasa katika milima ya Udzungwa, Tanzania, mamia ya kilomita kusini ya makaazi yake yaliyojulikana.

Jackson alifariki Ufaransa mwaka 1929. Kitabu chake kikubwa cha ndege kilitoka mwaka 1938. Suala la nguchiro wake lingali na uzito. Akiwa ni namna tu, ndugu zake wamo Kongo. Akiwa ni spishi ya peke yake, basi misitu michache ya Afrika Mashariki ndiyo makao yake yote duniani, nayo ikikatwa, hana pengine pa kwenda.