John Augustus: Fundi viatu aliyeasisi kifungo cha nje

MSONGAMANO wa wafungwa magerezani umezilazimisha nchi nyingi kutafuta adhabu mbadala, na mojawapo ni kifungo cha nje. Mwasisi wake hakuwa hakimu wala mwanasheria. Alikuwa John Augustus, fundi viatu wa mji wa Boston, Marekani.

Enzi zake, walevi na wakosaji wengine wadogo wa mji huo waliishia gerezani, wengi wao kwa kukosa tu fedha za faini. Agosti 1841 Augustus alikuwa mahakamani alipoletwa mtu aliyeshitakiwa kwa ulevi. Alizungumza naye, akamwekea dhamana, na hakimu akaahirisha hukumu kwa wiki tatu. Siku ilipowadia, mshitakiwa alirejea akiwa ameacha pombe. Alitozwa faini ya senti moja na gharama za kesi, jumla dola 3.76, akaachiwa huru.

Tangu hapo Augustus akawa mtu wa mahakamani. Kabla ya kumdhamini mshitakiwa alichunguza umri wake, mwenendo wake na watu waliomzunguka, akiwatanguliza waliokosa kwa mara ya kwanza. Waliokubaliwa, wakiwamo wanawake na watoto, aliwatafutia kazi, makazi au shule, kisha akatoa taarifa kwa hakimu.

Kazi hiyo ilimgharimu. Hakuwa na mshahara, na biashara yake ya viatu ilikufa. Baadhi ya maofisa walimpinga, kwa kuwa walilipwa ujira kwa kila aliyepelekwa gerezani. Hata hivyo, kufikia mwaka 1858 alikuwa amewadhamini watu 1,946. Alifariki dunia Juni 21, 1859, akiwa hana mali.

Mwaka 1878 jimbo la Massachusetts lilitunga sheria iliyoipatia Boston ofisa wa kulipwa wa kazi hiyo. Uingereza ilifuata mwaka 1907 kwa sheria yake. Afrika Mashariki nayo ina sheria za huduma kwa jamii, Kenya tangu mwaka 1998 na Tanzania tangu mwaka 2002, zinazomwezesha mkosaji mdogo kutumikia adhabu akiwa uraiani.

Lakini sheria pekee haitoshi. Hakimu wa Boston alithubutu kuahirisha hukumu kwa sababu palikuwa na mtu wa kumchunguza mshitakiwa na kumfuatilia. Mahakama isiyo na mtu wa namna hiyo huona gereza kuwa ndiyo njia nyepesi.